Usiniandikie Sauti Yake

Mutuini, Dagoretti
7 Februari 1972

Kwa Fundi Zedekiah Ogutu,

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Hezekiah Nzioka, yule Mkamba mrefu mwenye pikipiki ya kijani ya chama cha wafugaji. Nilikuwa nikija kwako kila mwisho wa mwezi pale nyuma ya River Road, karibu na mto. Kazi yangu ni ile ile ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali ninazobeba kwenye chupa ya baridi. Wewe ulikuwa ukiniita bwana harusi wa ng'ombe elfu.

Juzi nilikwenda karakana yako nikakuta wanauza magodoro. Nyakio, yule mama wa chai, yupo bado. Aliniambia ulifunga mwaka juzi bila kumuaga mtu, ukamwachia namba ya sanduku la posta tu. Kama umerudi kwenu Nyanza, barua hii ikufuate huko.

Shida ni pikipiki. Asubuhi inawaka kwa teke la kwanza. Ikifika maili ya tatu, ikishapata moto, inaanza kujikwaa. Inavuta, inaacha, inavuta, inaacha, kama mtu anayehesabu akisahau alipofika. Sauti yenyewe ni ngumu kueleza. Inaanza vizuri, ding-ding-ding, halafu inameza moja, halafu inapiga kikohozi kikavu. Fundi mmoja mjini alibadilisha plagi. Wa pili akacheka, akasema injini hizi za kuchanganyiwa oili ndani ya petroli ni za babu zetu, chama kinunue nyingine.

Lakini chama hakinunui. Ng'ombe akionekana asubuhi anataka dume, ni lazima niwe nimefika kabla ya jioni. Nikichelewa, mkulima anangoja wiki tatu nyingine. Mwezi uliopita nimechelewa mara sita. Katibu amesema mwisho wa Aprili kamati itaamua: ama pikipiki ipone, ama njia yangu apewe mtu mwingine mwenye gari.

Wewe uliijua pikipiki hii kuliko mimi. Inaumwa nini?

Ni mimi,
H. Nzioka


S.L.P., Nairobi
12 Februari 1972

Bwana Nzioka,

Nakukumbuka. Pikipiki naikumbuka zaidi.

Nitakusaidia kwa barua. Usije kunitafuta, nilipo hapafai wageni. Na tukubaliane jambo moja kabla ya kuanza: usiniandikie sauti yake. Sauti hudanganya. Watu watatu wakisikiliza injini moja wataniletea magonjwa matatu. Niandikie ulichokiona kwa macho, ulichonusa na ulichogusa.

Fanya hivi. Endesha mpaka ianze kujikwaa. Hapo hapo bana klachi, zima injini, usiiache ingurume hata kidogo, kisha simama pembeni. Fungua plagi kwa kitambaa usiungue. Itazame pale mdomoni cheche inaporukia. Ina rangi gani? Usiniambie nyeusi au nyeupe tu. Nyeusi ya masizi si nyeusi ya lami.

Tena: moshi una rangi gani asubuhi, na gani ikipata moto? Unanuka nini? Mtetemo unausikia wapi, kwenye mikono au kwenye miguu?

Mwisho, niambie unachanganya oili kiasi gani kwa galoni moja, na unapimia nini.

Z. Ogutu


Mutuini
20 Februari 1972

Mzee Ogutu,

Asante kwa jibu. Nimefanya kama ulivyosema, na nakiri jambo moja: nimeendesha pikipiki hii miaka sita na sikuwahi kuitazama.

Plagi ni nyeupe. Nilikaa nayo kando ya barabara nikitafuta neno, nikaona ni nyeupe ya chaki, na ukingoni ina kijivu kidogo kama jivu la gazeti. Hakuna unyevu wowote. Moshi wa asubuhi ni wa bluu na unanuka oili. Ikishapata moto moshi haupo kabisa, unabaki mtetemeko wa hewa tu nyuma ya ekzosi. Harufu yake ni ya chuma, kama pasi ya makaa iliyosahaulika juu ya nguo. Mtetemo uko miguuni, zaidi mguu wa kushoto. Oili napimia kikombe kile kile ulichonipa wewe.

Mama Munyiva, mwenye nyumba yangu, alinikuta nimepiga magoti nyuma ya ekzosi.

"Nzioka, unanusa nini hapo?"

"Nanusa ugonjwa, Mama."

"Wa ng'ombe?"

"Wa pikipiki."

Akaniangalia kidogo, kisha akasema, "Ukimaliza njoo unuse na mchuzi wangu wa maharagwe, naona umeharibika."

Mzee, chaki hiyo maana yake nini? Sikulala vizuri kwa kutaka kujua.

H. Nzioka


S.L.P., Nairobi
25 Februari 1972

Nzioka,

Umeandika vizuri. Jivu la gazeti! Nilikuwa na wanafunzi wa kazi miaka minane na hakuna aliyewahi kuniletea rangi kama hiyo.

Chaki maana yake injini ina njaa. Petroli inayofika ni kidogo, au hewa inayoingia ni nyingi. Na ukumbuke, injini hii haina oili yake pembeni. Inakunywa oili pamoja na petroli. Ikipata petroli kidogo, imepata na oili kidogo. Ndiyo maana jambo hili si la kuchezea. Siku ukisikia mwili wake unakuwa mzito ghafla, kama mtu amekanyaga breki na si wewe, bana klachi papo hapo. Usifikiri kwanza.

Tuanze na petroli. Tazama kifuniko cha tangi, kina tundu dogo la kupumulia. Likiziba, petroli haiteremki. Kisha fungua bomba chini ya tangi, ndani kuna wavu mdogo. Kisha fungua kabureta, toa kile kipande cha shaba chenye kijitundu kinachopitisha petroli, ukitazame dhidi ya mwanga. Usikichokoe kwa waya, utakipanua. Tumia unywele wa mkia wa farasi. Ng'ombe elfu unao, mkia hutakosa.

Z. Ogutu


Mutuini
8 Machi 1972

Mzee Ogutu,

Tulipata kitu! Wavu wa bomba ulikuwa umejaa udongo mwekundu wa Dagoretti, na kati yake kipande cha mpira kama ukucha. Kile kijitundu cha shaba nilikisafisha kwa unywele wa mkia wa ng'ombe wa katibu mwenyewe. Kwa siku tano pikipiki ilikwenda kama mpya. Nilifika mpaka Kitisuru na kurudi, ng'ombe wanne kwa siku moja, na katibu akanipa mkono.

Siku ya sita ikarudia. Nikafikiri ni masizi ndani ya ekzosi, nikaifungua na kuichoma kwenye moto wa kuni nyuma ya nyumba mpaka ikawa nyekundu. Mama Munyiva alipika ugali juu ya moto huo huo ili usipotee bure. Masizi yalitoka kopo zima. Nguvu imeongezeka kidogo, lakini kujikwaa kuko pale pale, na plagi bado ni chaki.

Sasa, Mzee, usikasirike. Nilitazama muhuri kwenye bahasha zako. Zote zimegongwa Westlands. Mimi nilidhani sanduku tu ndilo la Nairobi na wewe uko Nyanza, nikawa nakuhesabia siku za treni. Kumbe uko hapa hapa Nairobi, na mimi napita Westlands kila Alhamisi. Ukiisikia kwa dakika moja tu utajua. Nikuletee?

H. Nzioka


S.L.P., Nairobi
11 Machi 1972

Bwana Nzioka,

Muhuri wa posta si kazi yako. Nilikwambia usije, na neno langu ni lile lile. Ukinitafuta, hutapata barua nyingine kutoka kwangu.

Kuhusu injini: petroli tumeimaliza, sasa tazama cheche. Fungua kifuniko cha kushoto. Kuna pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana. Kama zimechimbika, zisugue kwa msasa laini. Upana wake zikiachana uwe kama kadi ya posta. Kama zinatoa cheche za bluu zenyewe kwa zenyewe, kondensa, kile kikopo kidogo kando ya pointi, imekufa, badilisha.

Niandikie unachokiona. Sauti sitaki.

Z. Ogutu


Mutuini
27 Machi 1972

Mzee Ogutu,

Samahani kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa. Haukuvunjika, umeteguka kifundo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nateremka kuelekea Kabete. Mwili wa pikipiki ukawa mzito ghafla, kama ulivyosema. Nilibana klachi, lakini nilichelewa nusu sekunde kwa sababu nilifikiri kwanza. Gurudumu la nyuma lilijifunga, nikaenda na ubavu mpaka kwenye kokoto. Kama nisingebana kabisa, sijui leo ungekuwa unasoma barua ya nani. Chupa ya baridi ilipasuka. Mkulima aliyekuwa akiningoja ni mjane mwenye ng'ombe mmoja. Nilimfikia kwa miguu, nikamwonyesha chupa. Hakunilaumu. Alinipa maji ya kunawa damu akasema, "Basi tutangoja wiki tatu." Hilo liliniuma kuliko mkono.

Pointi na kondensa nilikuwa nimekwisha kuzitazama, zote nzima.

Kuna jambo sikukuandikia, kwa sababu ulinikataza. Kwa wiki tatu kabla ya kuanguka nilikuwa nasikia vitu viwili. Cha kwanza, nikirudisha mpini wa mafuta injini haishuki. Inabaki juu ikinguruma, kama mtu aliyeitwa na hataki kugeuka. Cha pili, upande wa kushoto, chini, nyuma ya kifuniko cha pointi, kuna mluzi mwembamba sana, kama birika kabla halijachemka. Ukipita gari husikii. Nilitaka kukuandikia mara mbili. Kisha nikajiambia Mzee amesema sauti hudanganya, na yeye ndiye ajuaye.

Sikulaumu. Nauliza tu, maana siwezi kuacha kuuliza: na mluzi ule ulikuwa uongo?

H. Nzioka


Hurlingham
10 Aprili 1972

Mwanangu Nzioka,

Hunijui. Mimi ni Peres, bibi ya Fundi Ogutu, mama Lornah. Nashona nguo hapa Hurlingham, na Jumapili ndio naenda kwa mzee kule Kitisuru, anatunza bustani ya watu. Wamempa nyumba ndogo nyuma.

Barua yako ya kuanguka niliipata kwa mfuko ya koti nikitaka kuifua. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kukatika. Nilisoma. Kisha nikasoma zingine, ziko zote kwa mkebe wa chai. Mzee hali vizuri tangu hiyo barua ije. Anakaa na jembe mkononi na halimi.

Hajui nakuandikia. Atakasirika, na akasirike.

Mwanangu, mzee hasikii. Sikio la kulia lilikufa zamani, mwaka wa sitini na sita. La kushoto likafuata pole pole. Miaka ishirini ya kuweka kichwa kando ya injini, basi. Sasa ukipiga sufuria nyuma yake hageuki. Wateja hawakujua. Mimi mwenyewe alinificha mwaka mzima, nikadhani ameacha kunipenda, maana nikimwita haitiki.

Sauti haidanganyi. Alikuandikia hivyo kwa sababu yeye haisikii tena.

Barua yako ya kwanza ilipofika alikuja kwangu Hurlingham kwa miguu siku ya kazi, akanionyesha bahasha. Akasema, "Peres, kuna mtu bado ananiita fundi." Tangu siku hiyo alikuwa akiimba akimwagilia maua. Anaimba vibaya sana, hajisikii. Lakini aliimba.

Usimwonee huruma, hiyo hataki. Lakini usimwache pia.

Peres Ogutu


Mutuini
13 Aprili 1972

Mzee Ogutu,

Mama Lornah ameniandikia. Usimkasirikie kabla hujamaliza barua hii.

Nimekaa siku mbili nikijiuliza swali moja. Mwaka wa sitini na tisa nilikuletea pikipiki hii ikipoteza nguvu mlimani. Uliiwasha, ukaweka kiganja chako juu ya tangi, ukafumba macho. Nilidhani ni mapenzi tu, kama mtu anavyompapasa farasi. Ukasema, "Ringi ya juu ya pistoni imekatika." Tulifungua, ringi ya juu ilikuwa imekatika. Mzee, wakati ule ulikuwa husikii tayari?

Kama ni hivyo, ulijuaje? Kiganja kinasikia nini? Ringi iliyokatika ina mguso gani, na pointi mbovu ina mguso gani? Nimejaribu jana kuweka kiganja changu juu ya mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Nimehisi mashine inasaga mahindi, basi.

Injini imejifunga na haizunguki. Kamati inakaa tarehe ishirini na tisa. Mkono wangu umepona nusu. Mluzi nimekwisha kukuandikia. Sasa umeusoma, hata kama hukuusikia. Unatoka wapi?

H. Nzioka


Kitisuru
17 Aprili 1972

Kijana wangu Nzioka,

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ya tano naipeleka posta ilivyo.

Ulistahili kuambiwa ile siku ya kwanza. Ningekwambia, ungeniandikia mluzi wiki tatu kabla, na ningejua siku hiyo hiyo. Mjane angekuwa na ng'ombe mwenye mimba na mkono wako ungekuwa mzima. Nilitaka kuwa fundi kwako, nikakuficha kitu ambacho fundi hafichi.

Nikueleze kwa nini nilifunga. Januari ya mwaka sabini alikuja Nashon, mpeleka mikate. Nilikuwa nimemaliza pikipiki yake. Aliiwasha, akanitazama, akasema kitu. Niliona midomo yake. Nilidhani ananishukuru. Nikamwinulia mkono, nikamwambia, "Haya, nenda salama." Baadaye Nyakio ndiye aliyenieleza maneno yake. Alikuwa amesema, "Fundi, kuna kitu kinagonga ndani." Alianguka kabla ya kufika Ngara. Mguu ulivunjika mahali pawili. Sikwenda kumwona. Nilifunga karakana, nikaja kupanda maua ya watu. Maua hayaanguki na mtu juu yake.

Sasa swali lako. Ndiyo, mwaka ule sikio moja lilikuwa limekufa na la pili linakwenda. Ringi iliyokatika, kiganjani, ni kama punje ya mchanga inayopita chini ya ngozi kila mara pistoni ikipanda. Pointi mbovu ni kama mtu anayekushika mkono halafu anauachia. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Na mluzi wako. Injini haishuki ukirudisha mafuta, plagi ni chaki, mtetemo uko mguu wa kushoto, mluzi uko nyuma ya pointi. Hapo nyuma kuna sili, mpira wa mviringo unaokumbatia mhimili wa injini ili hewa isipite. Nadhani umekauka na kupasuka. Injini inavuta hewa kwa mlango wa nyuma, hewa ambayo haijapita kwenye kabureta wala haina tone la oili. Ikiwa baridi haijulikani. Ikipata moto, ufa unafunguka.

Lakini nasema nadhani, na safari hii sitaki kudhani. Nimefikiria njia ya kuuona kwa macho. Leta pikipiki Jumamosi, hata kwa mkokoteni. Leta pampu ya baiskeli, sabuni ya kufulia, na vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu. Uliza nyumba yenye uzio wa maua ya zambarau. Ukifika geti usinigongee wala usiniite. Ingia mpaka nikuone.

Ogutu


Mutuini
2 Mei 1972

Mama Lornah,

Mzee atakuwa amekueleza Jumapili, lakini najua ameruka vipande, kwa hiyo nakuandikia na mimi.

Nilifika na mkokoteni wa Mama Munyiva uliobeba pikipiki. Mzee alikuwa ameinama kwenye waridi. Nilisimama mbele yake. Alinitazama mkono kwanza, kabla ya uso. Aliushika, akaugeuza, akaukunja taratibu. Kisha akasema kwa sauti kubwa mpaka mbwa wa jirani wakabweka, "Unaweza kushika spana?" Nikaitikia kwa kichwa.

Tulivua kichwa cha injini. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo miwili, si mirefu. Aliisugua kwa msasa akiilaza kifuani kama anamnyonyoa kuku, hatazami hata, vidole vinakwenda vyenyewe, mpaka ikateleza tena. Tukarudisha kila kitu. Kisha akaziba mdomo wa kabureta kwa mpira, akaziba na mdomo wa ekzosi. Akaunga pampu ya baiskeli kwenye tundu la plagi. Akaniambia nipake povu la sabuni kila mahali pa kiungo, na upande wa kushoto tuondoe gurudumu la sumaku, lile linalozalisha umeme wa cheche, ili tuone nyuma yake.

"Piga pampu. Pole pole."

Nilipiga. Mzee alilala chini kwa tumbo, pua yake karibu iguse injini. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha nyuma kule, kwenye ukingo wa ule mpira, povu moja likavimba, likakua kama jicho la samaki, likapasuka. Likaja la pili na la tatu.

Mzee alinyoosha kidole akaniita nilale nami chini nione. Tulilala pale kwenye nyasi za watu, wanaume wawili wazima, tukitazama mapovu. Nilipomgeukia, macho yake yalikuwa yamejaa. Akasema, safari hii kwa sauti ndogo kabisa, "Ule mluzi. Ndio ule."

Sili kama ile haipo tena madukani. Nilizunguka River Road yote na ile mbovu mfukoni, mpaka mzee mmoja wa pampu za maji akanitolea yenye upana sawa. Mzee Ogutu aliipaka oili akaiweka kwa vidole viwili. Tulipoiwasha aliweka kiganja juu ya tangi. Mimi nilisikiliza, yeye akagusa. Nikirudisha mafuta, inashuka mara moja. Nilimwonyesha kwa mkono: imeshuka. Akanijibu, "Najua."

Kamati ilikaa Jumamosi. Njia ni yangu mpaka Desemba, kisha watatazama tena. Si ushindi mkubwa, lakini jana nilimfikia yule mjane saa nne asubuhi.

Mama, asante kwa kuandika. Na ukweli ni kwamba anaimba vibaya.

Mwanao,
Nzioka


Hurlingham
24 Juni 1972

Kijana wangu,

Anwani umeiona. Nimeacha waridi. Nyuma ya chumba anachoshonea Peres kuna kibanda cha mabati, mwenye nyumba ametukubalia. Mlangoni nimeandika kwa rangi, kwa herufi kubwa: FUNDI OGUTU. HASIKII. ANASOMA. Peres alisema nitawafukuza watu. Nikamwambia wale watakaofukuzwa na maneno manne si wateja wangu.

Kwanza nilikwenda kwa Nashon. Peres alinisindikiza mpaka Kaloleni. Anachechemea bado, na mikate hapeleki tena, ni karani wa ghala. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisiyaharibu. Aliisoma akiwa amesimama. Akaitisha kalamu, akaandika chini ya maneno yangu, akanirudishia. Aliandika: "Niliona hukunisikia. Ningeweza kurudia. Nilikuwa na haraka." Kisha akaenda zake ndani. Hakutukaribisha chai wala hakutufukuza. Peres aliniuliza njiani kama ninaona nafuu. Sijui bado. Lakini niliweza kutembea mpaka nyumbani bila kupumzika.

Leo asubuhi nimepata mteja wa kwanza. Ni mama mmoja, Nanyama, mwalimu wa watu wazima, ana pikipiki ndogo ya kuchanganyiwa oili kama yako. Alisoma mlango, akasoma tena, akanitazama. Nikampa kigoda, karatasi na kalamu. Nikamwambia aandike kila kitu: rangi, harufu, mtetemo, na sauti. Sauti zaidi ya vyote, kwa neno lolote litakalomjia, hata kama litamchekesha mwenyewe.

Alianza kwa kuandika mistari miwili tu. Nikaisoma, nikamwandikia swali chini: inafanya hivyo ikiwa baridi, au ikishapata moto? Alifikiri sana. Kisha akatoka nje, akaiwasha, akainama na sikio lake karibu kabisa, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mkono mmoja ameshika kitambaa cha kichwa kisije kikanaswa. Nadhani hajawahi kuisikiliza kabla ya leo.

Amerudi sasa. Mimi nakuandikia huku namngojea. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Amegeuza ukurasa. Anacheka peke yake kwa neno alilolipata, na ananinyooshea karatasi.

Niache nisome.

Ogutu